Uji wa Ndiga na Jembe la Mkwe

Mwaka 1906, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, njaa iliingia nyumbani kwetu upande wa Maposeni. Njaa ile haikutokana na mvua wala nzige. Ililetwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeshatushinda, na Wajerumani, walipoona watu bado wamo msituni, wakageukia maghala. Walichoma ulezi, wakachoma mahindi yakiwa shambani, wakaswaga ng'ombe mpaka boma la Songea. Mume wangu hakurudi kutoka vitani. Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla hajatambaa. Hayo nayasema mara moja tu ili mjue nilianzia wapi. Mliniomba nieleze kazi, nami nitaeleza kazi.

Kazi yangu ilikuwa kulisha watu wasio na chakula. Niliianza mwaka ule nikaifanya mpaka Wajerumani wanaondoka, na baada yao pia kila njaa ilipopita. Sikupewa cheo wala mshahara. Shule nimekaa miezi michache, tena ukubwani, ndiyo maana herufi zangu kila moja imelala upande wake. Someni hivyo hivyo.

Nyie vijana mnaokusanya unga kanisani na msikitini kwa ajili ya nyumba zisizo na kitu, nimewaona mkipita na mikokoteni. Mna moyo mzuri. Lakini moyo mzuri haupepeti unga. Kuna mambo ya kujua.

La kwanza ni ndiga.

Nyie hamuijui ndiga, na ni heri. Ni kiazi cha porini, kinajificha chini sana, nje kina manyoya, ndani cheupe au cha njano. Ukikila kama kilivyo, kinakuua, au kinakupa wazimu kwanza halafu kinakuua. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba zenye ng'ombe tulikuwa hatukigusi. Tulisema ni chakula cha nguruwe. Njaa ilipofika tukagundua kwamba nguruwe wanakula vizuri.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja Mndendeule, mtu wa upande wa Namtumbo, ambaye vita vilimtupa kwetu. Tulimwita Bibi Kware kwa sababu alitembea ameinama, akichakura ardhi kwa ncha ya fimbo kama kware anayetafuta wadudu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakumwita mtu kwa jina lake. Mimi aliniita Binti wa Maziwa, kunidhihaki, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa kwa maziwa na sasa sina hata kibuyu chake.

Alitufundisha hivi. Unachimba, unamenya, unakata vipande vyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Unachemsha na majivu, unamwaga maji yale mbali na njia ya watoto. Halafu unavipanga kwenye tenga, unalitia mtoni, mahali maji yanapokimbia, unaligandamiza kwa mawe. Maji yaliyotulia hayafai, hata uyabadilishe mara ngapi. Ndiga inataka mto uibebe sumu uende nayo. Unaiacha mpaka utelezi uishe na povu lisitoke tena ukiminya. Hapo ndipo unachukua kipande unakisugua ndani ya mdomo wa chini. Kikiwasha, rudisha mtoni. Kisipowasha, anika, twanga, pika.

Kipande cha kwanza cha kila tenga alikisugua Bibi Kware mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini asimpe mwingine zamu. Akasema mdomo wake ulikuwa umekwisha kazi ya kupendeza, acha ufanye hii.

Siku moja askari wa boma, mtu wa kutoka mbali ambaye hata Kiswahili chake kilikuwa cha pembeni, alipita mtoni akaona tenga letu. Alidhani ni muhogo tumeuficha. Akachukua, akatafuna akitutazama, ili tujue kwamba yeye anachukua. Bibi Kware akamwambia, kwa upole kabisa, bwana mkubwa, hiyo bado. Askari akamjibu kwamba yeye hafundishwi kula na kikongwe. Akaondoka akitafuna. Alifika kama mwendo wa kilima kimoja, tukamsikia anaimba. Baadaye tukamkuta amekumbatia mti, anautapikia, anauita dada. Tulimnywesha maji ya majivu mpaka akatoa alichokula. Akaishi. Tangu hapo kila akipita pale mtoni alivua kofia, na alipopewa uji aliuliza kwanza, "Hii imeshakwisha sumu?" Hata maji ya kunywa aliyaulizia hivyo hivyo.

La pili ni uji mwembamba. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu usimpe ugali. Atakuomba, atalia, atakutukana mama yako. Usimpe. Tulimpoteza mwanamume mmoja hivyo mwanzoni kabisa. Alifika anatembea, tukamwonea huruma, tukampa ugali wa ndiga mgumu na likolo, yaani majani ya porini, akala, akashukuru, akalala, hakuamka. Bibi Kware alikuwa msituni siku hiyo. Aliporudi hakutugombeza. Alituonyesha kijiko tu. Akasema, tumbo lenye njaa ni kama nyumba iliyofungwa muda mrefu, ukiingia unafungua mlango kidogo kidogo, kwa kuwa huenda ndani mna nyoka. Basi tukaanza na maji ya uji, kisha uji, kisha uji mzito. Ugali ni wa anayeanza kulalamika. Mtu akianza kulalamika kuhusu chumvi, jueni amepona.

La tatu ni kula hapo hapo. Hii ilikuwa sheria yangu mimi, na naisema kwa kujivuna. Mwanzoni tulikuwa tukiwapa watu uji wanakwenda nao. Nikaona watoto wa nyumba fulani hawanenepi wakati baba yao ana mashavu. Nikasema, kuanzia sasa kila tumbo lije lenyewe. Hakuna kubeba. Unaketi uwanjani, unakula mbele ya macho yangu, unarudisha kata. Wazee wa kiume walinuna, kwa kuwa kwetu mwanamume hali mahali watoto wa watu wanamhesabia matonge. Walinuna siku chache, wakaja.

Uwanja tuliopikia ulikuwa wa mtu mmoja aitwaye Mbawala. Huyu alikuwa kijana aliyepigwa risasi pajani, akapona vibaya, akawa anatembea kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Nyumba yake ilikuwa imenusurika na moto pamoja na kinu chake kikubwa, na kijito kilipita nyuma ya uzio. Kwa kazi yetu hapakuwa na mahali bora zaidi. Yeye ndiye aliyekoroga chungu na kugawa, kwa sababu watu wenye njaa wakisukumana mwanamke huangushwa, lakini hakuna aliyetaka kumwangusha Mbawala. Mke wake hakuwapo. Siku askari walipochoma kijiji, mke alikimbia na mama yake kuelekea Madaba, na Mbawala akabaki chini na mguu wake. Habari zilizokuja ni kwamba wote waliokimbilia njia ile wamekwisha.

Tena Mbawala ndiye aliyekuwa na jembe. Shikeni hilo. Askari walikuwa wamekusanya kila chuma, mikuki na majembe pamoja, wakisema ni silaha. Yeye lake alilifukia chini ya jivu la zizi. Lilikuwa jembe moja kwa uwanja mzima. Ndiga iko chini sana, na fimbo hukatika kabla hujafika. Jembe lile ndilo lililotulisha sisi sote, wagawaji na waliokuja kula.

Basi, wakati wa kiangazi, saa za asubuhi watu wanapoanza kukusanyika, alitokea mama mmoja mtu mzima na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja ameshika nguo. Alifika mpaka kwenye uzio. Mtoto aliona chungu, akaanza kuvuta nguo. Yule mama akatazama ndani ya uwanja, akajifunika uso kwa kipande cha nguo yake, akageuka, akaondoka.

Nikasema huyo ana maringo. Tulikuwa tumewaona wa namna hiyo, wake za watu wakubwa, waliotaka waletewe.

Kesho yake akaja tena, akageuka tena. Mbawala alimwona safari hii. Alisimama na upawa mkononi akamtazama kama anavyomtazama mtu yeyote, akauliza, mama yule ni mgonjwa? Hakumjua. Siku iliyofuata hakuja. Nikaacha kinu, nikamfuata kwa nyayo.

Nilimkuta ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda kilichoungua nusu. Alikuwa ameketi mbele ya kijungu. Mle ndani kulikuwa na ndiga. Alikuwa amewaona wenzangu wakichimba, akachimbua moja kwa mti na kucha, akaikata mapande makubwa, akailoweka kwenye maji yale yale ya kijungu, na sasa alikuwa akiichemsha. Nilikipiga kijungu teke. Ndivyo tulivyoamkiana.

Alinitazama bila hasira. Alikuwa amebaki ngozi na macho. Jina lake, akasema, ni Mama Nyoni, na hao ni watoto wa mwanawe wa kiume aliyekufa. Nikampigia magoti, maana nilikuwa nimemmwagia mtu mzima chakula chake, nikamwambia chakula hicho kingewaua kabla ya jua kuzama, nikamwuliza kwa nini hakuingia kula kama wenzake.

"Uwanja ule ni wa nani?" akauliza.

"Wa Mbawala."

"Mbawala alimwoa binti yangu. Hajanifungua uso."

Hapa nieleze kwa nyie mliozaliwa juzi. Kwetu zamani mkwe wa kiume na mama wa mke wake walikuwa hawatazamani usoni. Hawali mbele ya macho ya mwenzake. Na mama haonji kitu kilichopikwa kwenye uwanja wa mkwe huyo, hata maji, mpaka mkwe amletee jembe la chuma na kumkabidhi. Tuliita kufungua uso. Hufanywa baada ya mavuno ya kwanza tangu harusi. Mbawala alioa karibu na vita. Mavuno yake ya kwanza yaliliwa na moto. Ndiyo sababu hakumtambua mama yule pale kwenye uzio. Alikuwa hajawahi kumtazama.

Nikamwambia, "Mau, kwa heshima yako yote, huu ni mwaka wa njaa." Mau ni mama kwa Kingoni chetu.

"Njaa ninaiona. Naijua kuliko wewe, mimi nimetembea nayo kutoka Madaba."

"Na binti yako?"

"Nilimzika njiani."

"Basi hata ukwe umekwisha."

"Kifo hakifungui uso, mwanangu. Kinachofungua ni jembe. Wachukue watoto, wao hawana uso wa kufunguliwa. Mimi niache."

Niliwachukua. Walikwenda mpaka katikati ya kijito, yule mkubwa akakaa kwenye maji akakataa kuendelea, na mdogo akalia mpaka akaishiwa pumzi. Nilikuwa nimeshaona watoto wa namna hiyo. Mlezi akifa, unawapa uji wanaumwaga kwa mkono, hawataki. Wanakufa mbele ya chungu kilichojaa. Nikawarudisha kwa bibi yao, nikaenda peke yangu kuleta uji kwenye kibuyu, nikavunja sheria yangu mwenyewe ya kutobeba. Watoto wakanywa. Yeye akanusa.

"Umepikwa wapi?"

Nikasema kwangu.

"Mwanangu, unadanganya vibaya. Una unga wa kinu chake kwenye nywele." Akakiweka kibuyu chini, taratibu, uji usimwagike.

Sasa nikarudi uwanjani na habari mbili za kumpa Mbawala: mke wako amekufa, na mama mkwe wako yuko hai ng'ambo ya kijito, na hatakula chako. Alizipokea zote mbili akiwa amesimama. Aliendelea kukoroga mpaka watu wote wakapata. Kisha akaweka upawa, akaenda akalitoa jembe, akaja akalilaza mbele ya Bibi Kware.

"Hili ni la kwangu," akasema, "lakini ndilo linalowalisha wote. Nikilitoa, mtachimba kwa nini? Nisipolitoa, yule mama anakufa, nami nitakuwa nimemuua kwa jembe bila kumpiga."

Mimi nikasema asilitoe. Sikuzunguka. Nilisema mtu mmoja hawezi kupimwa na uwanja mzima. Nikasema nitasimamisha uzio wa nyasi, yeye ale upande wa pili. Bibi Kware akasema moto utakuwa ule ule. Nikasema tuhamishe chungu. Akauliza, na kinu utakibeba wewe? Kile kinu kilichongwa kutoka kwenye mti mzima, kiliwashinda wanaume wanne kukibeba. Nikasema basi tumshike tumnyweshe kwa nguvu. Wanawake wengine walicheka, na mmoja akasema Binti wa Maziwa amekuwa mganga wa ng'ombe.

Bibi Kware alikuwa anasugua kipande cha ndiga mdomoni muda wote ule. Alikitema, akasema hiki bado. Kisha akaniambia, "Yule mama ana kitu kimoja tu kilichobaki, heshima yake. Sisi tunataka akile ili aje kunywa uji wetu. Mpeni jembe."

"Na kesho?" nikauliza.

"Kesho jembe litakuwa na mwenyewe. Mwenye jembe huombwa."

Nikakasirika. Na mpaka leo nasema hesabu yangu ilikuwa hesabu nzuri, mtu yeyote mwenye akili angeifanya. Ila ilikuwa na upande mmoja, kwa kuwa sikumjua Mama Nyoni.

Ilifanyika mchana ule ule, watu wakitazama. Mbawala alisimama upande huu wa kijito. Mama Nyoni alisimama ng'ambo, ametupa mgongo, amejifunika. Mkwe hamkabidhi mwenyewe, lazima awepo mtu wa kati, na mtu wa kati nikawa mimi, niliyekataa. Ndivyo Bibi Kware alivyokuwa. Nikavuka na jembe mikononi, maji yakinifika magotini, nikapiga magoti kwenye mchanga.

Mbawala akasema kutoka kule, kwa sauti ya kawaida, "Mau, hili ni jembe. Ilipasa lije na pombe na kuku. Kuku hakuna. Pole kwa mwanao, ambaye alikuwa mke wangu."

Mama Nyoni akalipokea bila kugeuka. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye makali.

"Limelika," akasema. "Mnachimbia mawe?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akalilaza begani, akafunua uso, akageuka, akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu amzae yule binti aliyekuja kuolewa naye. 

"Umekonda," akasema mama.

"Na wewe, mau."

Akavuka. Akaketi uwanjani kwa Mbawala, akanywa maji ya uji, polepole, kama mtu anayejua kazi, na watoto wakaketi wamemwegemea. Hakulalamika chumvi siku hiyo. Alilalamika siku ya tatu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hadithi ya watu wengi huishia hapo, wakafuta machozi wakaenda zao. Kesho yake asubuhi ilitupasa kuchimba. Bibi Kware akanituma mimi kuomba jembe. Nikaenda, nikapiga magoti, nikaomba. Mama Nyoni akasema sawa, lakini jembe lake haliendi porini peke yake. Akaja nalo. Hakuweza kuchimba hata mikono miwili kwenda chini, alikuwa hana nguvu. Aliketi kwenye kisiki akitutazama tunachimba, na kila tulipogonga jiwe alituambia.

Hivyo tukaenda mpaka mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya milima ya Matogoro. Hapo akabadilika. Asubuhi moja nilipokwenda kuomba jembe, akakataa. Akasema leo jembe linalima.

Nikamwuliza linalima nini, mbegu tumekula wote, nchi nzima imekula mbegu. Akafungua fundo kwenye pindo la ile nguo aliyokuwa akijifunikia uso. Ndani mlikuwa na ulezi. Si mwingi, kiasi cha kujaza viganja viwili. Alitoka nao Madaba. Alimzika binti yake ukiwa pale kwenye pindo. Alichemsha ndiga yenye sumu ukiwa pale.

Nikamwuliza kama watoto walijua. Akanijibu kwamba watoto wakijua kuna mbegu, watasema kuna chakula, na asingeweza kuwaeleza tofauti.

Basi wengi wetu tulipinga, nami nikiwa mbele. Watu walikuwa wanakuja wengi kuliko zamani, ndiga za karibu zilikuwa zimekwisha, na kila nusu siku ya jembe ilikuwa chungu kimoja. Tungepiga kura, jembe lingekwenda kwenye ndiga. Lakini halikuwa la kupigiwa kura. Lilikuwa la Mama Nyoni, kwa mila, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Akaamua mwenyewe: asubuhi ndiga, mchana shamba. Watu wakanung'unika, uji ukapungua, mimi nikamwita mbahili mbele ya watu. Akasema, naam.

Ulezi ule uliota. Tuliulinda dhidi ya ndege kwa zamu kama unavyomlinda mgonjwa. Mavuno ya kwanza hatukuyaonja, yote yakawa mbegu, na Mama Nyoni akazigawa yeye, nyumba kwa nyumba, kiganja kwa kiganja, akimtazama kila mtu usoni. Mwaka uliofuata watu wa upande wetu walikula ulezi wao, na chungu cha Mbawala kikapumzika. Kama jembe lingebaki letu sote, tungechimba ndiga nalo mpaka mvua iishe. Ninajua, kwa sababu mimi ndiye ningeamuru hivyo.

Mama Nyoni aliishi akawaoza wale watoto wote wawili. Jembe lake lililika mpaka likabaki kama kijiko, mhunzi akalifanya kisu cha kukatia ulezi. Mbawala alioa tena. Bibi Kware alirudi kwao Namtumbo, hakuaga, tuliona tu tenga lake halipo mtoni.

Vita vile vingine vilipokuja, vya Mjerumani na Mwingereza, wakawa wanachukua wanaume kubeba mizigo na wanachukua mahindi ya kuwalisha wabebaji, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa chungu. Cha kwanza nilichofanya nilichagua mahali pasipo pa mtu, njia panda, karibu na maji, nikaweka mafiga pale. Moto niliuwasha kwa kupekecha, sikuomba kaa la nyumba yoyote. Watu walidhani naogopa wachawi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Mwezi uliopita niliwaona nyie mkigawa unga mbele ya duka la bwana mmoja, kwa kuwa duka lina baraza pana na kivuli. Akina mama wawili walipita na watoto, wakaangalia, hawakusimama. Kijana wenu mmoja akasema hao wana maringo. Nilikuwa nimekaa hapo jirani, nikamsikia. Nendeni mkawaulize baraza lile ni la nani kwao. Labda ni mkwe, labda mtalaka, labda ndugu waliyegombania shamba naye. Hawatawaambia siku ya kwanza. Nendeni tena. Mkishajua, hamisheni magunia, maana yenyewe si kinu. Na kama yule mama atataka kitu kwanza ndipo ale, msimwone mjinga. Angalieni pindo la nguo yake.

Mlitaka pia kujua nimepata nini katika maisha ya kazi hiyo. Kazi ya chungu haikunipa kitu. Nilivyonavyo nimevipata kwa kilimo na kwa kupika pombe ya ulezi, sikurithi hata kigae. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati juu. Nina shamba la mahindi Maposeni na lingine la ulezi ambalo watu wananicheka kwa kulishikilia, kwani ulezi hauna bei. Ng'ombe ninao saba, mbuzi sijawahesabu tangu mvua. Ghala mbili. Kinu. Cherehani ya mjukuu iliyo kwangu kwa kuwa kwake kunavuja. Mabinti wanne wa ndoa yangu ya pili, wote wameolewa. Na majembe manne, moja kutoka kwa kila mkwe, niliyoyadai siku ya harusi, kabla hawajaketi.